Marehemu Aja Harusini Olovitsa

Tuliishia mlangoni, msinisahaulishe. Mzee Zapryan kasimama mbele ya jengo la nne la Olovitsa, kofia mkononi, anatazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi ina fremu nyeusi na msalaba juu. Katikati ina picha ya mwanamume mwenye masharubu, na mwanamume huyo ni yeye mwenyewe.

Kuna msomaji mmoja alinishika mkono sokoni juzi, hataki kuniachia mpaka nimwambie kama mzee wetu ni mzimu. Si mzimu, mama. Tulia.

Kwetu mtu akifa hubandikwa. Mlangoni, kwenye nguzo ya umeme, kituo cha basi, popote. Akitimiza siku arobaini anabandikwa tena, akitimiza mwaka tena, mpaka gundi iishe au jamaa nao wamfuate. Mzee Zapryan amesoma matangazo hayo maisha yake yote. La kwake ndiyo kwanza analiona.

"Babu," Ines akasema huku akigusa ukingo wa karatasi, "gundi haijakauka."

Ines ni yule binti aliyeendesha gari dogo jekundu kutoka Uhispania mpaka huku juu milimani Rodopi. Kwa damu si mjukuu wa mzee. Ni mjukuu wa Remedios, mke aliyemwoa huko ugenini, aliyefariki mwaka jana. Lakini mzee kamlea tangu akinyonya, na lugha yetu anaizungumza kama amezaliwa nayo, isipokuwa akikasirika.

"Hebu nisomee. Miwani imeingia ukungu."

"Miaka mitatu bila wewe," Ines akasoma. "Zapryan Kolarov, fundi baruti, aliyefariki ugenini. Hatutakusahau. Wenzako."

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Haijasema."

"Hawakuuliza hata?" Mzee akavua miwani, akaipangusa, akasogea karibu. Kisha uso wake ukaanza kung'aa. "Picha nzuri lakini. Angalia nywele hizo."

"Babu, umekufa."

"Nimeona. Unajua maana yake? Nedyalka amenibandika. Miaka mitatu, Ines. Mwanamke hakubandiki miaka mitatu kama hakupendi."

Basi mzee akaanza kucheka, akapiga hatua mbili za ngoma pale pale kwenye majani, na Ines naye akacheka kwa sababu kicheko cha babu yake kinaambukiza kama mafua.

Nedyalka mnamkumbuka. Alikuwa mtunza taa wa mgodi. Kila mchimbaji aliyeshuka alipita dirishani kwake, akapewa taa, akachukua kibati chake cha shaba kwenye ubao wa misumari. Akipanda, anarudisha taa na kutundika kibati. Msumari ukiwa mtupu, maana yake kuna mtu chini. Ndiyo sheria, na Nedyalka hakuwa mtu wa kuvunja sheria.

Siku mgodi ulipofungwa, Zapryan alimwambia, "Nisubiri kwenye mizabibu ng'ambo ya mlima. Zabibu zikiiva nimerudi." Akapanda basi. Zabibu zikaiva miaka thelathini na ushei bila yeye. Na kwenye mfuko wa shati, siku zote hizo, alikuwa na kibati namba mia mbili kumi na saba. Alisahau kukitundika, kisha akakifanya hirizi ya mapenzi. Sasa mkewe kaenda mbele ya haki, na yeye karudi kumwomba Nedyalka waoane kabla uzee haujawamaliza wote wawili.

"Na bibi je?" Ines akauliza, akitazama kule walikoegesha gari.

"Bibi abaki kwenye buti kwanza. Nitamwambia Nedyalka taratibu. Si leo."

Maana Remedios pia alisafiri nao. Majivu yake yamo kwenye mtungi wa bluu, uliofungwa ndani ya blanketi. Alitaka kuiona milima ya mumewe.

Wakaingia ndani. Mgodi ulipofungwa, watu wa Olovitsa walishuka bondeni na kila kilichobebeka, na baadaye wenye mikono mirefu wakapanda kuchukua kilichobaki. Milango haipo, bawaba hazipo. Jikoni kwa Zapryan mti ulikuwa umeota kwenye sinki na kutoa kichwa dirishani.

"Mpangaji mpya," mzee akasema, akaupigapiga mti begani. "Pale walikaa akina Haralan, watu wa kurushiana sahani. Chini yao mwalimu wa muziki na mkewe, watu wa kupatana, ndiyo maana sina habari zao. Na chini kabisa Stamena. Stamena alisikiliza jengo zima kupitia bomba la maji. Ukitaka mwenzako ajue jambo, unalinong'ona bafuni."

"Yuko hai?"

"Bomba limekufa. Stamena sijui."

Na hapo hapo sauti ikapanda kutoka chini. "Nani huko juu? Kama ni wezi, mmechelewa."

Alikuwa Stamena mwenyewe. Leo ni sikukuu ya wachimbaji, siku ambayo wakazi wa zamani hupanda kutoka mabondeni na miji ya mbali, wakatandika meza kila mmoja mbele ya jengo lake la zamani, wakakaa na jirani zao wale wale kama vile jana tu walikopeshana chumvi. Stamena alikuwa na sinia la vikombe vidogo vya ngano ya kuchemsha, yenye jozi na sukari, ile inayogawiwa kwa ajili ya roho ya marehemu. Ukipewa hukatai. Unakula, unasema, Mungu amsamehe.

"Chukua mwanangu," akamwambia Ines. "Kwa ajili ya marehemu Zapryan, alikuwa anakaa hapa."

Mkono wa pili ukapita juu ya bega la Ines, ukachukua kikombe.

"Mungu amsamehe," mkono ukasema. Ukatafuna kidogo. "Haina sukari."

"Sukari niliisahau nyumbani, nimekimbilia..." Stamena akainua macho. Akatazama masharubu meupe. Akatazama ukutani, akarudi kwenye masharubu. Akaweka sinia chini polepole, akajipiga ishara ya msalaba, kisha akamkamata mzee shavu na kulifinya kwa nguvu zake zote.

"Unaniumiza, we mwanamke."

"Nafanya uhakika. Marehemu hafinyiki." Akamwachia. "Zapryan, mwanaharamu wewe. Nimekulilia. Mimi ambaye sikumlilia mume wangu."

"Nedyalka yuko wapi? Ndiye amenibandika, sivyo?"

Stamena akaokota sinia, akaanza kupanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Stamena, umeanza lini kunyamaza?"

"Ngano ni ya Nedyalka," akasema. "Alitaka akukumbuke vizuri asubuhi hii, kwa sababu mchana huu anaolewa."

Mzee Zapryan akakaa kwenye ngazi. Kumbe kufa hakukuwa kumemuuma. Hili liliuma.

"Anaolewa na nani?"

"Velichko."

"Velichko yupi? Yule wa nyumba ya utamaduni? Aliyekuwa anaimba?"

"Bado anaimba. Hilo ndilo tatizo pekee. Lakini mwenzangu, tusimwonee. Nedyalka ndiye peke yake aliyebaki kuishi huku juu, baridi ya huku unaijua, na Velichko amempelekea kuni kila msimu. Amemwomba miaka nenda miaka rudi, naye anakataa. Kwa sababu ya kiapo."

"Kiapo gani?"

"Hee. Hukujua?" Macho ya Stamena yakawaka, maana hakuna raha kubwa duniani kama kumpa mtu habari yake mwenyewe. "Siku ile ya mwisho alihesabu vibati, akakuta cha kwako hakipo. Akaapa mbele ya zamu nzima na mbele ya picha ya Mtakatifu Ivan. Mpaka mia mbili kumi na saba irudi kwenye msumari wake, au nisikie amekufa, siolewi. Wenzake tukacheka. Yeye hakucheka. Hadi miaka mitatu iliyopita Velichko akaja na habari kwamba umefariki Uhispania. Analia, na matangazo yameshachapishwa."

Ines akaitazama tena karatasi ukutani. "Picha hii ilitoka wapi, babu?"

"Ilikuwa kwenye ubao wa wafanyakazi bora. Ndani ya nyumba ya utamaduni." Mzee akasimama. Masharubu yakasimama naye. "Na ufunguo wa nyumba ya utamaduni alikuwa nao mtu mmoja tu."

Stamena akajishika kifua. "Velichko alikuua?"

"Kwa gundi na karatasi," mzee akasema. "Harusi iko wapi?"

"Chumba cha taa. Kanisa hatukuwahi kujengewa, si unajua. Padri ameshafika."

Basi wakatoka mbio. Mzee mbele, kofia mkononi, Ines nyuma yake, Stamena nyuma yao na sinia lake, maana hakutaka kupitwa wala hakutaka kumwaga. Wakapita majengo, wakapita ile bustani ya watoto ambayo sasa ni malisho, na kila meza waliyoipita ikanyamaza.

"Zapryan? Si ulikufa wewe?"

"Baadaye, Haralan. Nina haraka."

"Nimekuletea maua mwaka jana."

"Asante sana. Nitakurudishia."

Mwalimu wa muziki alikuwa na mfupa wa kondoo mdomoni. Ukaangukia kwenye supu. Mkewe akamwambia asijisumbue, ni moshi tu wa jiko.

Chumba cha taa ndicho pekee Olovitsa chenye mlango, maana Nedyalka ndimo anamoishi. Ndani, ukuta mzima ni ubao wa misumari, mamia ya misumari yenye vibati vya shaba, na pembeni Mtakatifu Ivan, mlezi wa wachimbaji, na mshumaa wake. Watu walijazana mpaka dirishani. Velichko alivaa suti ya kijivu na ua jekundu. Padri alikuwa ameshainua mataji ya ndoa, moja kila mkono. Na Nedyalka alisimama mbele ya ubao, kitambaa cheupe kichwani, mgongo umenyooka, mwembamba kama zamani.

Zapryan alikuwa amekariri maneno yake njia nzima kutoka Uhispania. Ines aliyachoka. Yalikuwa na milima ndani yake, na nyota, na samahani tatu. Akafungua mlango, akamwona, yote yakamtoka kichwani.

"Ngano haina sukari," akasema.

Mtu mmoja nyuma akaanguka. Wengine wakampisha aanguke vizuri.

Padri akabaki na mataji hewani. "Huyu si ndiye niliyemwombea asubuhi?"

"Ndiye," Stamena akajibu kutoka mlangoni.

"Basi sala imefika upesi."

Nedyalka aligeuka polepole. Akamtazama Zapryan kuanzia viatu. Hakulia, hakuzimia, hakumkimbilia. Sisi tulioishi naye tusingetegemea afanye hayo.

"Zapryan."

"Mimi."

"Hukuweza kubaki marehemu mpaka jioni?"

Kicheko kikakimbia chumba kizima na kufa ghafla, kwa sababu yeye mwenyewe hakucheka. Akamgeukia Velichko.

"Ulisema umeliona kaburi lake."

"Niliambiwa," Velichko akasema.

"Ulisema lina marumaru."

"Niliambiwa lina marumaru."

"Na nani?"

"Na mtu... aliyepita."

"Velichko."

Bwana harusi akashusha mabega. Akavua lile ua jekundu, akalishika mkononi asijue pa kuliweka. "Haya. Nilimuua. Ningefanyaje? Yeye yuko huko anakula machungwa, hata salamu haleti, na mimi nazeeka mlangoni kwako na mzigo wa kuni. Nilimuua kwa adabu, Nedyalka. Nilimchagulia picha nzuri. Nimembandika kila mwaka kwa gundi yangu mwenyewe."

"Picha ni nzuri kweli," Zapryan akakubali, asiweze kujizuia.

Na mjue kwamba wapo watu mle chumbani waliotikisa kichwa kumkubali Velichko. Nami ningekuwepo labda ningetikisa.

Nedyalka akamgeukia tena Zapryan. "Na huyu binti ni nani?"

Hapa, wasomaji wangu, palikuwa pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, watu wametulia, mtakatifu anatazama. Mzee wetu akajikohoza.

"Mkalimani wangu."

"Mkalimani? Umesahau lugha ya mama yako?"

"Kuna maneno... ya kisasa."

"Babu," Ines akaanza.

"Huko kwao wazee wote wanawaita hivyo," mzee akasema haraka haraka, akaingiza mkono mfukoni kuokoa hali. Akatoa kibati. Akakiinua wote wakione. "Nedyalka, angalia. Mia mbili kumi na saba. Nimekitunza. Nimelala nacho, nimefanya nacho kazi kwenye jua lile. Hakijatoka kifuani mwangu hata siku moja."

Alitegemea machozi. Akaona uso wake unakuwa mgumu.

"Umenitunzia," Nedyalka akasema. "Unajua hicho ni nini? Hicho ni ufunguo, Zapryan. Umetembea nao duniani miaka yote hii na mimi niko ndani. Miaka hii mitatu ya kufa kwako, Mungu anisamehe, nililia siku arobaini mpaka mbuzi wananionea huruma, halafu siku ya arobaini na moja niliamka nikafungua dirisha na nikajikuta naimba. Nilikuwa huru. Sasa umefufuka, na kiapo changu kimefufuka na wewe."

"Sikujua."

"Hukuuliza." Akauonyesha ubao. "Kikirudi pale, niko huru kweli, si kwa uongo wa Velichko. Nimtake mtu nimtakaye, au nisimtake yeyote. Kisiporudi, niko pale uliponiacha. Chagua."

Ines akamsogelea mzee, akamnong'oneza kwa Kihispania, na huo ndio ukalimani pekee uliofanyika hadi wakati huo. "Babu, kirudishe mfukoni. Ukikitundika anaweza kuolewa na huyu sasa hivi. Ukikaa nacho, hawezi."

Velichko naye aliliona hilo. Akasogea upande wa pili. "Tundika, Zapryan. Tundika, rafiki yangu."

"Rafiki yako alikufa," Zapryan akasema bila kumtazama.

Alikuwa anautazama ubao. Misumari ilikuwa na kutu, safu kwa safu, kutu nyekundu ya majira mengi ya theluji. Isipokuwa mmoja. Ule wa mia mbili kumi na saba uling'aa. Mtu alikuwa akiupangusa, na mtu huyo hakuhitaji kutajwa.

Mzee aliona aibu kubwa kuliko zote alizowahi kuona. Alimpenda mwanamke huyu, na kwa mapenzi hayo hayo alikuwa amemfungia. Akapita katikati ya watu, akakitundika kibati. Kikagonga ubao mara moja, kikatulia.

"Zamu imekwisha," Nedyalka akasema, na pumzi iliyomtoka ilizima mshumaa wa Mtakatifu Ivan.

Velichko akamnyooshea mkono, anatabasamu mpaka masikioni. "Padri, endelea."

Lakini Nedyalka hakuushika. Akavua kile kitambaa cheupe, akamvisha padri begani kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mataji. Akachukua kwenye rafu ile taa aliyokuwa akiitumia mwenyewe humo usiku. Kisha akaunyoosha mkono ubaoni, akakitoa tena kibati cha mia mbili kumi na saba, akakitia kwenye mfuko wa gauni lake.

"Sasa kinatoka na mimi," akasema. "Kikirudi hapa, nitawaambia nimeamua nini. Nyinyi wawili mtanisubiri. Si kazi ngumu, mimi nimeifanya."

"Na supu?" padri akauliza.

"Kuleni. Mkalimani, lile gari jekundu nililoliona likipanda ni lako? Lete funguo. Nimeendesha lori la mgodi, sitaliua."

Watu wakampisha wakishangilia. Wazee waliosahau magoti yao walikuwa wanaruka. Mpiga zurna, zumari ya kwetu, ambaye hakuelewa lolote tangu mwanzo, akaona bora apige. Ines akatoa funguo huku anacheka, na Nedyalka akachukua furushi lake la nguo kitandani, akatembea mpaka kwenye gari, akazunguka nyuma kuliweka.

Nyuma. Kwenye buti.

"Usifungue," Zapryan akapiga kelele, akakimbia. "Nedyalka, usifungue hiyo, kuna... zeituni."

Buti lilikuwa limeshafunguka. Blanketi lilikuwa limeteleza njiani, kona zetu ni mbaya. Mtungi wa bluu ulisimama pale juani, na mbele ya mtungi kulikuwa na karatasi iliyobandikwa.

Niliwaambia kwetu mtu akifa hubandikwa popote. Mzee wetu ni mtu wa desturi. Alishindwa kumwacha mkewe bila tangazo. Fremu nyeusi, msalaba, picha ya mwanamke mnene anayecheka na macho yake yote.

Nedyalka alisoma kwa sauti, na zurna ikanyamaza.

"Mwaka mmoja bila wewe. Remedios. Hatutakusahau. Mumeo Zapryan na mjukuu wako Ines."

Zapryan alikuwa amefika. "Nilitaka kukwambia taratibu," akasema.

"Picha nzuri," Nedyalka akasema.

Kisha akamgeukia Ines, si yeye. "Mkalimani. Bibi yako alijua habari zangu?"

Ines alimtazama babu yake, na babu akatazama viatu. "Alijua tangu siku ya kwanza," Ines akasema. "Kila alipofua lile shati alikitoa kibati na kumwambia, hii ni mali ya mwanamke mwingine, kairudishe. Kila wiki. Na alipokuwa anakufa akamwambia, sasa utakwenda, na mimi nitakuja nawe nihakikishe."

Nedyalka akaupangusa mtungi vumbi kwa kiganja, vile vile alivyokuwa akipangusa msumari, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Wote walidhani analia. Ilikuwa kicheko, kikatoka chote kwa mara moja, akacheka mpaka akalishika gari asianguke.

Akaubeba mtungi, akaupeleka kiti cha mbele, akaufunga mkanda.

"Wewe kaa nyuma," akamwambia Ines. "Bibi yako na mimi tuna mengi ya kuongea, na wewe utatutafsiria. Kazi ya ukalimani si umeshaipata?"

Gari likanguruma, likageuka. Zapryan na Velichko walisimama bega kwa bega, mmoja na ua, mwingine na kofia, wakingoja lishuke kuelekea bondeni.

Halikushuka. Lilipanda.

"Mbona anaenda kule?" Velichko akasema. "Kule kuna handaki tu."

Likafika kwenye wavu wa mdomo wa mgodi, likasimama. Wakaiona taa ikiwashwa mchana kweupe. Wakamwona Nedyalka na mtungi kifuani, na Ines nyuma yake, wakipita pale wavu ulipotoboka, na giza likawameza. Kisha king'ora cha mgodi, cha kuzungusha kwa mkono, ambacho hakijalia tangu siku ya mwisho, kikalia. Mlio mrefu mmoja. Mlio wa kuanza zamu.

"Handaki hilo linatokea wapi siku hizi?" padri akauliza, na taji moja limemkaa kichwani bila yeye kujua.

"Pale pale," Stamena akasema. "Ng'ambo. Kwenye mizabibu. Na mwaka huu zabibu zimeiva mapema."

Mzee Zapryan akavaa kofia. Akarudi mbio chumba cha taa, akaitazama rafu. Taa zote zilikuwa zimekufa kwa kutu, na moja iliyokuwa inawaka kaondoka nayo mwenyewe. Ubaoni msumari wake ulikuwa mtupu. Nyuma yake akasikia Velichko akivua koti la harusi na kukunja mikono ya shati, na cha kumulikia handakini kilibaki mshumaa wa Mtakatifu Ivan, mmoja tu.